Kitengo cha saratani ya tumbo kilichomtibu baba: nyota nne, na sababu zake

Nakipa nyota nne kati ya tano kitengo cha saratani ya tumbo kilichomtibu baba yangu. Nilikuwa msindikizaji wake tangu kipimo cha kamera hadi sindano za vitamini anazochomwa sasa, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaelewa niliuliza mpaka nikaelewa. Jina la hospitali silitaji kwa sababu nina malalamiko pia, na mwenye mgonjwa atafaidika zaidi akijua huduma nzuri ya ugonjwa huu inavyokuwa, popote alipo.

Kabla ya kufika hapo tulipoteza muda mwingi kwenye kliniki nyingine. Baba alianza na kiungulia, kisha akawa anashiba upesi: vijiko vichache tu, anasukuma sahani. Kliniki ile ilimwandikia omeprazole, vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo, zikiisha anaandikiwa nyingine. Maumivu yalipoa kweli, na hapo ndipo penye hatari. Dawa za kupunguza asidi zinaweza kutuliza hata kidonda chenye saratani, kikaonekana kama kinapona, huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Hakuna aliyempima uzito. Hakuna aliyemuuliza choo chake kina rangi gani. Mkanda wake wa suruali ulikuwa umeshatobolewa matundu mapya kwa msumari, na hakuna aliyeuona.

Mtu mzima akianza matatizo ya tumbo ambayo hakuwa nayo, na juu yake anapungua uzito bila sababu, anashiba haraka, chakula kinakwama, anatapika mara kwa mara, damu imepungua au anapata choo cheusi chenye kunata, huyo hastahili kurudishwa nyumbani na vidonge peke yake. Anatakiwa kupigwa kamera. Saratani hii ni kimya sana mwanzoni, na ndiyo maana inaua wengi hivi: mwaka 2022 pekee walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao 970,000 duniani na vifo karibu 660,000. Nina uchungu na kliniki ile mpaka leo, na siufichi.

Sasa kitengo chenyewe. Kipimo cha kamera, yaani endoskopi, ndicho watu wanachokiogopa kuliko kinavyostahili, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Baba aliambiwa asile tangu usiku. Alipofika alipuliziwa dawa ya ganzi kooni, akalazwa ubavu wa kushoto, akawekewa kizibo cha plastiki cha kung'ata ili asiuume mpira wa kamera, kisha akachomwa dawa ya kumlegeza. Mpira wenyewe una unene wa kama sentimita moja. Kazi yote ilikuwa ya dakika chache; muda mrefu uliliwa na kusubiri dawa iishe mwilini. Alipoamka aliuliza wataanza lini.

Daktari alituita akatuonyesha picha. Katikati ya tumbo, upande wa juu kidogo, kulikuwa na kidonda chenye kingo zilizovimba na kupinda bila mpangilio, na kitako kilichochafuka. Alichukua vinyama vinane, yaani vipande vidogo vya kidonda vya kupeleka maabara, vingine kwenye kingo na vingine ndani, akaeleza kwa nini: kinyama kimoja kinaweza kuangukia sehemu iliyooza au yenye uvimbe wa kawaida, majibu yakasema hakuna kitu wakati kipo. Nilipomuuliza kama ni saratani alisema, "Dada, sikipendi kidonda hiki. Lakini jina lake litatoka maabara, halitatoka mdomoni mwangu." Nilimheshimu tangu hapo. Mwenye mgonjwa wa kwenda kupimwa na aulize jambo hili: vinyama vingapi vimechukuliwa, na vimetoka wapi.

Majibu ya patholojia, yaani ya maabara iliyochunguza vile vinyama, yalipofika, kaka yangu mkubwa aliwahi mlangoni akaomba baba asiambiwe. Alikuwa na nia njema kabisa, na najua familia nyingi hufanya hivyo. Muuguzi mratibu, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, hakumgombeza. Alimjibu kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye kusema anataka kujua kiasi gani, na kwamba mtu asiyejua anaumwa nini hawezi kukubali kukatwa. Wakaingia. Daktari akaanza, "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Mzee, majibu yako ninayo. Ungependa nikueleze wewe mwenyewe kila kitu, au nizungumze na watoto?" Baba akamtazama, akamwambia mwili ni wake na amweleze. Akaelezwa. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sisi watoto hatukuthubutu kuliuliza: inatibika au inapoozwa tu? Daktari akamwambia hilo linategemea imefika wapi, na hawajui bado, na kuna vipimo viwili vya kulijibu. Hakumpa matumaini ya bure wala hakumkatisha tamaa. Mazungumzo yale peke yake yana thamani ya nyota moja nzima.

Ripoti ilisema ni adenokarsinoma, aina inayoanzia kwenye tezi za utando wa ndani wa tumbo. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za tumbo ni hiyo. Kuna jinsi mbili kubwa za kukua kwake, mgawanyo ulioelezwa na mtaalamu Lauren mwaka 1965. Moja hujikusanya pamoja kama uvimbe au kidonda, nayo ndiyo ya baba. Nyingine husambaa ndani ya ukuta wa tumbo seli moja moja, na inaweza kuufanya ukuta mzima ukakamae kama kiriba cha ngozi bila kuwapo uvimbe wa kuonekana. Hii ya pili ni ngumu zaidi kuikamata kwa kamera, na ikitokea kwa watu kadhaa wa ukoo mmoja, hasa wakiwa vijana, kuna kipimo cha jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo CDH1 cha kuulizia.

Ripoti hiyohiyo ilionyesha bakteria Helicobacter pylori. Wengi tunamjua kwa vidonda vya tumbo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1994. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walimfichua mwaka 1982. Wenzao hawakuamini kwamba kuna kiumbe anayeishi ndani ya asidi, basi Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 akaugua gastriti, yaani uvimbe wa utando wa tumbo. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wengi walio na bakteria huyu hawapati saratani kamwe, lakini uvimbe wa utando anaousababisha kwa miaka na miaka ndio mlango mkubwa wa ugonjwa, na uvutaji sigara na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi vinaongezea.

Hapa kitengo kilifanya jambo ambalo sikulitarajia: kilituagiza sisi watoto tupimwe. Mimi nilikutwa naye. Nilipewa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa wiki mbili, na nikaambiwa nirudi kupima si chini ya wiki nne baada ya dozi kuisha, na kwamba dawa ya asidi niwe nimeiacha wiki mbili kabla ya kipimo, la sivyo majibu yatadanganya. Mgonjwa alikuwa baba, na bado mtu alikumbuka matumbo yetu.

Vipimo vya kujua imefika wapi ndivyo vilivyotutesa roho, kwa sababu ya kusubiri. Kwanza CT skani, picha za eksirei za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, ya kifua, tumbo na nyonga. Ikatoka safi upande wa ini na mapafu, tukashangilia. Kisha tunaambiwa bado, kuna upasuaji mdogo wa matundu, wa kuingiza kamera ndani ya fumbatio, yaani uwazi wenye utumbo, ini na viungo vingine. Kaka alikasirika, akasema wanamchezea mzee huku saratani inatembea. Muuguzi mratibu akachukua karatasi, akachora ukuta wa tumbo tabaka kwa tabaka: utando wa ndani, tabaka lililo chini yake, misuli, na ngozi nyembamba ya nje. Akaonyesha kwa kalamu. Saratani ikiwa bado kwenye utando wa ndani tu, inaweza kukwanguliwa kwa kamera bila kupasua tumbo, mbinu ambayo Wajapani ndio waliokomaa nayo. Ikishuka kwenye misuli na kuipita, kama ilivyoonekana kwa baba, huwa inatafuta tezi za limfu, vile vivimbe vidogo vya kinga ya mwili, na ikitoboa ngozi ya nje seli zake zinaweza kumwagika kwenye fumbatio zikashika huku na huko, vichembe vidogo mno hata CT haivioni. Wakipasua bila kuangalia, wanaweza kumkata mtu tumbo lake lote, wakamtia maumivu ya miezi, na ugonjwa wenyewe ulishatoka nje zamani. Ndiyo maana huchungulia kwanza, huosha fumbatio kwa maji, na maji hayo hupelekwa maabara kutafutwa seli.

Karatasi ile kaka aliikunja akaitia mfukoni. Hakuna aliyelalamika tena. Nimeona hospitali nyingi zenye mashine nzuri, lakini mtu wa kukaa chini na kuchora ndiye adimu, na ndiye aliyetufanya tuelewe kwamba siku zile za kungoja zilikuwa sehemu ya matibabu. Maji ya fumbatio yalitoka safi.

Kesi ikapelekwa kwenye kikao cha pamoja: daktari wa upasuaji, wa saratani, wa picha, wa patholojia, wote meza moja. Kama hospitali yenu haina kikao cha namna hiyo, ulizeni nani mwingine ameliona faili kabla ya mtu kushika kisu. Uamuzi ulikuwa dawa kwanza, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Mpango unaitwa FLOT, wa dawa nne: fluorourasili, leukovorini, oksaliplatini na dosetakseli, kila baada ya wiki mbili, mizunguko minne kabla na minne baada. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotoka mwaka 2019 uliulinganisha na mpango wa zamani: kwa waliopewa FLOT, nusu yao walikuwa hai baada ya takriban miezi 50, na kwa mpango wa zamani ilikuwa miezi 35. Daktari alimweleza baba kwamba hiyo ni picha ya kundi zima, haimtabirii mtu mmoja mmoja tarehe. Baba aliipenda habari hiyo ya kundi zima, akawa anaieleza kwa kila mgeni.

Kemo, yaani dawa hizo za saratani, ilimpiga. Oksaliplatini huleta ganzi na mchomo kwenye vidole ukigusa kitu cha baridi, na koo linabana ukinywa maji baridi. Tulionywa mapema, kwa hiyo chupa ya maji ya vuguvugu ilikuwa haitoki pembeni mwake, na mlango wa friji alifunguliwa na wajukuu. Fluorourasili ilikuwa kwenye pampu ndogo ya kuvaa kiunoni, inasukuma dawa kwa saa 24 huku yeye yuko nyumbani. Nywele zilikwenda. Kichefuchefu kilidhibitiwa vizuri kuliko nilivyoogopa, maana dawa za kukizuia zilianza kabla ya kemo, hawakungoja atapike.

Nyota ya tano ilipotea hapa. Tuliagizwa kwamba joto likifika nyuzi 38 tupige simu saa ileile, usiku au mchana, kwa sababu kemo hushusha chembe nyeupe za damu na maambukizi yanaweza kuua kwa saa chache. Joto likafika usiku. Namba tuliyopewa ilipokelewa na mtu wa mapokezi ambaye hakujua habari ya kemo, akatushauri tumpe dawa ya kushusha homa na tuje kliniki asubuhi. Hatukumsikiliza, tukampeleka dharura. Chembe nyeupe zilikuwa chini sana, akaanzishiwa antibayotiki ya mshipani usiku uleule. Je, yule asiye na mtu wa kubishana kwa niaba yake? Nililalamika kwa maandishi. Nilijibiwa kwa heshima, lakini nilipoipiga namba ile tena baadaye kujaribu, alipokea mtu wa mapokezi vilevile. Kitengo kinachochora tabaka za tumbo kwa uvumilivu ule hakistahili kuwa na simu ya namna hii.

Upasuaji sina la kulaumu. Kwa mahali kidonda kilipokuwa, ilibidi tumbo lote litolewe, utumbo mdogo ukavutwa juu ukaungwa moja kwa moja na umio, bomba la chakula linalotoka kooni. Niliposikia mara ya kwanza sikuamini kwamba mtu anaishi bila tumbo. Anaishi. Daktari wa upasuaji Theodor Billroth wa Vienna alifanikiwa kukata sehemu ya tumbo lenye saratani na mgonjwa akapona jeraha tangu Januari 1881, na mwaka 1897 mwenzake Schlatter wa Zürich akalitoa lote. Nilimuuliza daktari wetu wa upasuaji, kwa adabu, operesheni hii anaifanya mara ngapi. Hakukasirika, alinijibu na idadi. Swali hilo lina uzito, kwa sababu hospitali zinazozifanya nyingi huwa na vifo vichache baada ya upasuaji. Pamoja na tumbo walitoa tezi za limfu zinazolizunguka na zilizo kando ya mishipa yake mikubwa. Patholojia ilihesabu tezi 27, mbili zikiwa na saratani. Miongozo inataka zichunguzwe zisizopungua 16, maana chini ya hapo huwezi kujua kwa uhakika ugonjwa ulifika wapi. Siku iliyofuata walimsimamisha akatembea hatua chache na mirija yake yote, akinung'unika.

Habari ya kula ndiyo iliyotaka kutushinda. Mtaalamu wa lishe alikuja siku ya kuruhusiwa, baba ameshavaa viatu, akatuachia kijikaratasi. Alitakiwa aje kabla ya upasuaji, mgonjwa ana akili zake na jiko linaweza kujipanga. Wiki za mwanzo nyumbani baba alikuwa akimaliza kula anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anataka kulala chini. Chakula kilikuwa kinashuka kwenye utumbo kwa kishindo kwa sababu hakuna tena tumbo la kukizuia, hasa kikiwa na sukari nyingi. Pengine saa moja au mbili baadaye anatetemeka, sukari ya damu imeshuka. Tulijifunza wenyewe polepole: milo midogo mara sita au zaidi kwa siku, protini kwanza, vitamu kando, kunywa kutenganishwe na kula kwa nusu saa hivi, kutafuna mpaka chakula kiwe laini. Uzito uliacha kushuka.

Vitamini B12 ni ya sindano maisha yake yote. Tumbo ndilo linalotengeneza kitu kinachoiwezesha B12 kufyonzwa, nalo halipo. Akiba ya ini inaweza kumficha mtu kwa miaka, anajiona mzima, kisha miguu inaanza kufa ganzi na damu kupungua. Chuma na kalsiamu navyo hupimwa. Kadi yake ya sindano tunaitunza pamoja na kitambulisho chake.

Si kila tuliyekutana naye kwenye viti vya kungojea alikuwa na njia kama ya baba. Wapo ambao ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na nilitazama kwa makini wanavyotendewa, kwa sababu nilijua tungeweza kuwa sisi. Kinyama chao kilipimwa HER2, protini inayochochea seli za saratani kukua, ambayo hukutwa kwa wingi kwa karibu mmoja kati ya watano, na mwenye nayo huongezewa trastuzumab, dawa inayoilenga, kwenye kemo. Wengine hupimwa alama nyingine za saratani, kama PD-L1, hali ya MSI, au klaudini 18.2, kuona kama tiba ya kuamsha kinga ya mwili au dawa inayolenga alama hiyo itawafaa. Aliyezibwa njia ya chakula huwekewa kijibomba cha waya kwa kamera ili aweze kumeza. Na timu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, huwa nao tangu mwanzo, inashughulikia maumivu, usingizi na mazungumzo ya nyumbani. Sikuona mtu akiachwa kwa sababu hawezi kupona.

Ukipata rufaa ya kitengo kama hiki, nenda. Siku ya kwanza omba nakala ya ripoti ya patholojia na CD ya CT skani, zihifadhi mwenyewe. Omba mtaalamu wa lishe kwa jina la cheo chake kabla ya tarehe ya upasuaji, usisubiri aletwe. Na kwenye kemo usiridhike na namba ya simu mpaka uipige usiku mmoja, mgonjwa akiwa mzima, usikie nani anapokea.